KARL LANDSTEINER: MTU ALIYEFUMBUA FUMBO LA MAKUNDI YA DAMU



Ndugu msomaji, katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya masahaba, wanazuoni na mashujaa wa Kiislamu. Mwaka huu tumeona tuwaletee pia maisha ya mtu ambaye hakuwa Muislamu, wala hakufika Afrika. Tumemchagua kwa sababu kazi yake inaingia katika nyumba zetu hapa Gwarama kila msimu wa mvua malaria inapopanda.

Wazazi wengi wanaifahamu hali hii. Mtoto anashikwa na homa siku mbili tatu. Viganja vyake vinakuwa vyeupe, midomo inapauka, anahema haraka kama aliyetoka kukimbia. Anapakiwa kwenye pikipiki au baiskeli hadi kituo cha afya, na kutoka hapo anapelekwa hospitali. Daktari anasema damu imepungua sana, inahitajika ya kuongeza haraka. Ndugu wanatazamana. Mmoja anaogopa sindano, mwingine amesikia kuwa anayetoa damu hudhoofika maisha yake yote. Mwingine yuko tayari, lakini anaambiwa damu yake haiendani na ya mtoto, naye anashangaa: inakuwaje, na mimi ni baba yake mzazi?

Jibu la swali la baba huyo lilipatikana mwaka 1901 katika mji wa Vienna, nchini Austria. Aliyelipata ni daktari aliyeitwa Karl Landsteiner.

UTOTO NA MASOMO YAKE

Karl Landsteiner alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 katika mji mdogo wa Baden, karibu na Vienna. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na yeye mwenyewe aliingia Ukatoliki mwaka 1890. Baba yake, Leopold, alikuwa mwandishi wa habari na mhariri wa magazeti aliyejulikana sana. Lakini Karl hakukaa naye muda mrefu. Akiwa mtoto wa miaka sita tu, baba yake alifariki, akawa yatima.

Mama yake, Fanny, ndiye aliyemlea na kuhakikisha anasoma. Karl alimpenda mama yake mapenzi makubwa, na hakuoa mpaka mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 48. Wanafunzi wetu mliofiwa na baba mlione jambo hili: uyatima haukumzuia mtoto huyu kuwa msaada kwa mamilioni ya watu.

Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna akamaliza mwaka 1891. Wenzake wengi walipopata shahada walikwenda kutibu na kutafuta maisha. Yeye aliona bado kuna kitu kinampungukia. Aliamini kuwa magonjwa hayawezi kueleweka bila kuielewa kemia ya mwili, basi akarudi tena darasani. Kwa muda alisafiri kati ya Uswisi na Ujerumani akijifunza kemia kwa mabingwa wa zama zile, mmojawapo akiwa Emil Fischer. Aliporudi Vienna alikuwa daktari anayejua pia kemia, na elimu hizo mbili pamoja ndizo zilizomfungulia mlango.

Kuanzia mwaka 1898 alifanya kazi katika idara ya kuchunguza maiti ya Chuo Kikuu cha Vienna. Kwa muda wa miaka kumi alipasua na kuchunguza maiti zipatazo 3,600. Hiyo haikuwa kazi ya kupendeza wala ya kumletea mtu sifa mjini. Lakini aliifanya kwa subira, na katikati ya kazi hiyo alikuwa akiiba muda wa kufanya utafiti wake juu ya damu.

HALI ILIVYOKUWA KABLA YAKE

Ili tuijue thamani ya alichokifanya, turudi nyuma kidogo.

Kwa karne nyingi watu hawakujua damu inasafiri vipi mwilini. Tabibu wetu Ibn al-Nafis, aliyezaliwa pande za Damascus na kufanya kazi Cairo, alieleza katika karne ya 13 kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita kwenye mapafu, kisha ikarudi upande wa kushoto. Alifariki mwaka 1288, na ilipita miaka mingi kabla ya madaktari wa Ulaya kufikia maelezo kama hayo.

Baadaye watu walipojua kuwa damu inazunguka, wakafikiri kuwa inaweza kuhamishwa. Mwaka 1667 daktari mmoja wa Ufaransa, Jean-Baptiste Denis, aliwatia wagonjwa damu ya wanyama, akianza na damu ya kondoo. Mmoja wa wagonjwa wake alipokufa ikazuka kesi kubwa, na kazi hiyo ikapigwa marufuku. Mwaka 1818 daktari wa London, James Blundell, alianza kutumia damu ya binadamu. Aliwaonea huruma akina mama waliokuwa wakifa kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Baadhi ya wagonjwa waliotiwa damu walipona kama watu waliofufuka. Wengine walipata baridi kali, maumivu ya mgongo, mkojo mweusi, kisha wakafa.

Hakuna aliyejua kwa nini. Damu ile ile nyekundu kwa macho ilikuwa dawa kwa huyu na sumu kwa yule. Kuongezewa damu kukawa kama kurusha shilingi juu, na madaktari wengi wakaacha kabisa.

JARIBIO DOGO LILILOLETA JIBU KUBWA

Landsteiner hakuanza na mgonjwa. Alianza na nafsi yake na wafanyakazi wenzake, watu wazima wenye afya njema. Alichukua damu kidogo ya kila mmoja. Kisha akatenganisha sehemu mbili: chembechembe nyekundu upande mmoja, na maji ya damu yenye rangi ya manjano upande mwingine. Halafu akachanganya chembechembe za huyu na maji ya damu ya yule, mmoja baada ya mwingine, akiandika kila anachokiona kwenye jedwali.

Mahali pengine mchanganyiko ulibaki laini. Mahali pengine chembechembe zilishikana zikawa madonge madogo, mfano wa maziwa yaliyokatika. Wataalamu waliomtangulia walikuwa wamewahi kuyaona madonge kama hayo, lakini walidhani ni dalili ya ugonjwa. Landsteiner alitambua kuwa haiwezekani, kwa sababu damu zote zilitoka kwa watu wazima wa afya. Basi tofauti hiyo ni ya maumbile. Kila mtu ameumbwa na damu ya kundi lake.

Mwaka 1901 alichapisha matokeo yake, akitaja makundi matatu: A, B, na la tatu alilolipa herufi C, ambalo leo tunaliita O. Mwaka uliofuata, 1902, wenzake Decastello na Sturli waliwachunguza watu wengi zaidi wakapata kundi la nne, AB.

MAKUNDI HAYO NI NINI HASA?

Mwanafunzi, lielewe jambo hili kwa mfano. Chukulia kila chembechembe nyekundu ya damu imevaa beji. Wengine wana beji A, wengine beji B, wengine zote mbili, na wengine hawana beji yoyote. Wasio na beji ndio kundi O. Katika maji ya damu kuna askari walinzi, nao humshambulia kila mwenye beji wasiyoijua.

Mwenye kundi A ana askari wanaoshambulia B. Mwenye kundi B ana askari wanaoshambulia A. Mwenye kundi O ana askari wa aina zote mbili. Mwenye kundi AB hana askari hata mmoja kati ya hao.

Sasa angalia. Mgonjwa wa kundi O akitiwa chembechembe za damu ya kundi A, askari wake wanazivamia. Zinapasuka, figo zinaharibika, na mtu anaweza kufa kwa damu iliyotolewa kwa nia njema. Ndiyo maana mgonjwa wa O hupokea O tu. Wa A hupokea A au O. Wa B hupokea B au O. Wa AB anaweza kupokea kutoka makundi yote. Na mwenye O, kwa kuwa chembechembe zake hazina beji, anaweza kuwasaidia wengi. Hapa Tanzania watu wa kundi O ndio wengi kuliko wa makundi mengine, na hiyo ni neema.

Tukirudi kwa yule baba aliyeshangaa, mtoto hurithi kundi lake kutoka kwa wazazi wote wawili, nusu huku na nusu huku. Baba wa A na mama wa B wanaweza kupata mtoto wa O, ikiwa kila mmoja amebeba urithi wa O uliojificha. Baba wa O na mama wa AB watapata watoto wa A au B. Kwa hiyo ndugu wa damu si lazima awe na kundi moja nawe, na mtu baki kutoka kijiji cha mbali anaweza kuwa ndiye anayefaa.

Hapa tuwaase wazazi wetu kwa upole. Kutofautiana kwa kundi la baba na la mtoto kusifanywe sababu ya kumshuku mama. Ni jambo la kawaida kabisa. Tunajua uzito wa kumsingizia mwanamke wa heshima katika dini yetu, basi tusiivunje nyumba kwa herufi moja iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara. Mwenye swali amuulize mtaalamu.

KAZI YAKE YAPUUZWA

Mtu angefikiri kuwa hospitali zote zilifurahia ugunduzi huo mara moja. Haikuwa hivyo. Miaka ilipita, madaktari wengi hawakuujali. Mwaka 1907 daktari Reuben Ottenberg wa New York alianza kupima damu ya mtoaji na ya mgonjwa kabla ya kuihamisha. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Wakati huo huo ikajulikana kuwa chumvi iitwayo sitreti huzuia damu isigande ikiwa nje ya mwili. Majeruhi walipokuwa wengi, thamani ya makundi ya damu ikaonekana kwa macho.

Landsteiner hakukaa kusubiri kusifiwa. Mwaka 1908, pamoja na Erwin Popper, alionyesha kuwa ugonjwa wa kupooza, polio, unasababishwa na kiini kidogo kuliko bakteria na unaweza kuambukizwa. Matone ya polio mliyowekewa mdomoni mkiwa wachanga yana mizizi yake huko.

Baada ya vita Vienna ilikumbwa na njaa na uhaba wa kila kitu. Profesa huyu, mwenye mke na mtoto mchanga, alilazimika kuhama. Mwaka 1919 alikwenda Uholanzi akafanya kazi katika hospitali ndogo ya mji wa The Hague. Mwaka 1923 alihamia New York, Marekani, katika Taasisi ya Rockefeller. Sisi wa mkoa wa Kigoma tumewaona kwa macho yetu watu waliohama makwao kwa ajili ya vita, na tunajua kuwa miongoni mwa wakimbizi na wahamaji huwamo wenye elimu na manufaa.

Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa ugunduzi wa makundi ya damu. Ilikuwa imepita miaka 29 tangu alipoandika.

ALAMA YA PILI: RH

Alipofika umri wa kustaafu aliendelea kwenda maabara. Mwaka 1940, akiwa amepita miaka 70, yeye na Alexander Wiener walitangaza alama nyingine ya damu waliyoipata kwa kutumia damu ya kima aitwaye resasi. Ndiyo inayoitwa Rh. Mwenye alama hiyo huandikwa chanya, asiye nayo huandikwa hasi. Ndiyo maana kwenye kadi unaona O+ au A-.

Alama hii ina uzito wa pekee kwa akina mama. Mama mwenye Rh hasi akibeba mimba ya mtoto mwenye Rh chanya, mwili wake unaweza kutengeneza askari dhidi ya damu ya mtoto. Mara nyingi mtoto wa kwanza husalimika, lakini wanaofuata wanaweza kuzaliwa na manjano makali na upungufu wa damu, au kufa tumboni. Zamani watu waliokuwa wakiona mama anapoteza watoto mfululizo walikimbilia kusema ni uchawi. Tangu miaka ya 1960 ipo sindano ya kuzuia hali hiyo. Wenye Rh hasi ni wachache kwetu, lakini kila mjamzito anastahili kupimwa kundi lake kliniki.

Tarehe 24 Juni 1943 Landsteiner alishikwa na maradhi ya moyo akiwa kazini katika maabara yake. Siku mbili baadaye, tarehe 26 Juni, alifariki akiwa na umri wa miaka 75. Siku yake ya kuzaliwa, 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2004.

KAZI YAKE ILIVYOTUFIKIA

Elimu aliyoiacha iliwafikia pia watafiti wa Afrika Mashariki. Mwaka 1949 kijana aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchini humo akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ili kuchunguza makundi yao. Katika safari hiyo aliona kuwa urithi wa selimundu ni mwingi pwani na karibu na Ziwa Victoria, na ni mdogo sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Lakini anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua, na mara nyingi ndiye anayehitaji kuongezewa damu.

Hapa Tanzania, Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa mwaka 2004. Kanda ya Magharibi ina kituo chake Tabora. Damu inayochangwa hupimwa kundi, na hupimwa pia virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Iliyo na kasoro haitumiki. Iliyo salama huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6, na kwa kawaida chembechembe zake hudumu siku 35 hivi. Kabla mgonjwa hajatundikiwa, damu yake huchanganywa kidogo na ya mtoaji ili kuona kama zitashikana. Hilo ni jaribio lile lile la Landsteiner, linafanywa upya kwa kila mgonjwa. Kisha muuguzi husoma jina na kundi kwenye mfuko na kulinganisha na la mgonjwa. Mgonjwa akianza kutetemeka, kuwashwa au kuumwa mgongo damu ikiwa inaingia, mwiteni muuguzi papo hapo ili aizuie.

Damu haidumu, na hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Ikikosekana kwenye jokofu la hospitali, daktari hodari na dawa nzuri haviwezi kuziba pengo lake. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hana siku ya kusubiri ndugu watoke shamba. Damu itakayomwokoa ni ile iliyotolewa na mtu kabla hajaanza kuumwa uchungu.

Mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, awe na afya njema na damu ya kutosha. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na hutolewa kama nusu lita tu, kwa vifaa vipya vinavyotumika mara moja na kutupwa. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, na chembechembe hurudi baada ya wiki kadhaa. Hapati UKIMWI kwa kutoa, wala hadhoofiki maisha.

Kuna wanaouliza kama inafaa kwa Muislamu. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu kutoa na kupokea damu kwa haja ya tiba, maadamu mtoaji hadhuriki na damu haifanywi bidhaa ya kuuzwa. Na ukubwa wa kuiokoa nafsi moja tumeusoma katika Suratul Maaida, hauhitaji maelezo marefu.

Maabara haiandiki kabila kwenye mfuko wa damu, wala dini. Inaandika herufi na alama. Damu ya Muha humfaa Msukuma, ya Mrundi humfaa Muha, ya Muislamu humfaa Mkristo na ya Mkristo humfaa Muislamu, mradi kundi linaendana.

Basi wanafunzi wetu ambao bado ni wadogo, jueni makundi yenu na wafundisheni walio nyumbani. Wakubwa zetu, msisubiri mpaka awe mtoto wenu. Wakija wahamasishaji wa damu salama, nendeni. Aliyefungua njia hii alikuwa yatima aliyevumilia kazi ngumu miaka mingi bila kusifiwa, nasi tunaombwa robo saa tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Landsteiner alikataa kuwa madonge ya damu ni dalili ya ugonjwa?
2. Mgonjwa wa kundi B anaweza kupokea damu ya makundi gani?
3. Je, baba wa A na mama wa B wanaweza kupata mtoto wa O? Eleza.
4. Taja magonjwa manne yanayopimwa katika damu iliyochangwa.
5. Kwa nini mjamzito apimwe Rh?

Wabillahi tawfiq.